Nani Amefungua?

Mwalimu wetu wa fizikia wa shule ya jioni alikuwa na mikono mikubwa kuliko mikono yote niliyowahi kuona Eldoret, na mimi nimefanya kazi na wapasua mbao. Akishika kikombe cha chai, kikombe kilipotea, ukabaki ukiona mvuke unatoka kwenye ngumi. Lakini mikono hiyo hiyo iliweza kuingia ndani ya redio ndogo, ikaunganisha nyaya mbili nyembamba kama unywele wa mtoto mchanga, ikatoka bila kugusa kitu kingine. Nakuza mambo, nakubali. Mke wangu ana desturi ya kugawanya kwa nne kila ninachosema, na mara nyingi hesabu yake inakuwa karibu na ukweli. Kwa hivyo mikono ya Mwalimu igawanye kwa nne. Mahali pa kutogawanya nitakuambia tukifika.

Mchana alikuwa fundi wa redio. Duka lake lilikuwa la mabati, katika mstari wa maduka ya mabati kule Kapsoya, kati ya kinyozi na mama aliyeuza makaa. Jioni alinawa mikono kwa sabuni ya unga, akavaa koti la kahawia ambalo mkono mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake, akaja kutufundisha. Darasa letu lilikuwa la watu wazima walioachwa na shule au walioiacha wenyewe: mlinzi wa benki, akina mama wawili wa sokoni, kondakta mmoja, na mimi niliyebeba mbao kwenye yadi mchana kutwa na kuingia darasani nyusi zikiwa na vumbi la msumeno. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na desimali zilikuwa zinanitisha kuliko mbwa. Hakuna mahali popote nilipowahi kuitwa bwana. Yeye alituita sote bwana mwanafunzi na bibi mwanafunzi, hata alipokuwa akitukemea. "Bwana mwanafunzi," aliniambia siku ya kwanza aliponisimamisha ubaoni, "hilo jibu lako limelewa. Lipeleke likalale, kesho uniletee likiwa na akili." Darasa lilicheka, nami nikacheka, na kesho yake nikaleta jibu likiwa na akili kidogo.

Kila kitu kilichoingia dukani mwake kilipewa kikaratasi. Alikuwa anakata karatasi za madaftari ya zamani, anaandika mistari mitatu: Jina, Kitu, Ugonjwa. Aliandika hivyo mara mbili kwenye karatasi moja, akaipasua katikati, nusu akaifunga kwa uzi kwenye redio na nusu nyingine akampa mwenye redio. Na ugonjwa hakuuandika kwa maneno ya fundi. Aliuandika vile vile mwenyewe alivyousema. Nimesoma kwa macho yangu: "Inaongea lakini kama mtu aliyefunikwa blanketi." Nimesoma: "Inashika Uganda peke yake." Nimesoma pia: "Mume wangu ameiangusha, yeye anakataa." Alisema mgonjwa anajua anapoumia, hata kama hajui jina la ugonjwa, na daktari akianza kwa kusahihisha lugha ya mgonjwa atatibu kitu kingine.

Akimaliza kutengeneza, alifunga skrubu zote, halafu juu ya skrubu moja akaweka tone la rangi ya kucha, nyekundu. Hiyo rangi ilinunuliwa na mke wake, mama wa kanisa ambaye hakuwahi kupaka kucha maisha yake yote, na ambaye kila baada ya miezi kadhaa alilazimika kusimama mbele ya kibanda cha vipodozi sokoni akiomba chupa nyekundu huku wanawake wenzake wa kwaya wakimtazama. Alisema ameshatungiwa hadithi za kutosha kujaza gazeti. Lakini alinunua.

Kazi ya lile tone ilikuwa moja. Mtu akirudi akilalamika kwamba redio imekufa tena, Mwalimu aliitazama skrubu kwanza. Kama tone lilikuwa limepasuka, aliiweka redio mezani taratibu na kuuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayeuliza saa. "Nani amefungua?"

Ukitaka kujua watu, ungekaa pale kwenye benchi usikilize majibu. Walisema ni watoto. Walisema ni panya. Mzee mmoja kutoka Chepkoilel alisema ni radi, imepiga nyumba na ikafungua skrubu tatu bila kugusa ya nne. Mwalimu hakubishana na yeyote. Alingoja. Alikuwa na namna ya kungoja ambayo ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa, kwa sababu wakati wote huo alikuwa anakutazama kwa upole kabisa, na hata alikuongezea chai. Mtu akisema, "Ni mimi, Mwalimu, nilidhani nitaweza," basi papo hapo alichukua bisibisi na kuanza kazi, na mara nyingi hakumtoza. Asiyesema alirudishiwa redio yake na kikaratasi chake, kwa heshima, akaambiwa aende salama. Sijui ni wangapi walirudi siku ya pili wakiwa wamekumbuka. Kwa hesabu yangu, nusu ya Eldoret. Gawanya.

Juu ya vitu vipya alikuwa na sheria yake, na aliisema mara nyingi mpaka tukawa tunaimaliza pamoja naye. Kitu kipya kisichofanya kazi, kosa ni la aliyekiuza. Siku unapokifungua, kosa linahamia kwako. Mtu akimletea pasi iliyotoka dukani jana, alikataa hata kuishika. Alimtuma mtu huyo arudi mjini na boksi lake na risiti yake, hata kwenye mvua ile yetu ya mawe. Tulikuwa tunamwambia anajinyima kazi. Alijibu kwamba kazi iko nyingi, vitu vyote duniani vinaelekea kuharibika, hana haraka.

Sasa usidhani alikuwa malaika. Hiyo sheria aliivunja yeye mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote. Mke wake alinunua cherehani mpya, akaenda jikoni kuweka maji ya chai, akarudi akaikuta imelala kitandani vipande vipande, bado ina harufu ya boksi. Alimwuliza ilikuwa na shida gani. Akasema haikuwa na shida, alitaka tu kuiona ndani. Saa ya ukutani ya kanisa ilipata mambo hayo hayo kabla hata haijatundikwa. Na tukiwa kwenye kanisa, huyu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kushika kikapu cha sadaka, na bado kila Jumapili ibada ikiisha ungemkuta nyuma ya tangi la maji akivuta sigara ameificha ndani ya ile ngumi yake, moshi unatokea kwenye vidole kama ule mvuke wa chai. Pasta alijua. Mke wake alijua. Sisi tulijua. Alitufundisha mapafu ubaoni, picha nzuri yenye mishale, akakohoa katikati ya somo mpaka chaki ikaanguka, akaokota chaki na kusema, "Kama mnavyoona."

Watu wake walitoka mbali. Baba yake ndiye aliyekuja huku kutafuta kazi, na yeye Mwalimu hakujua nyumbani kwingine. Mimi shamba la baba yangu liko upande wa Kaptagat. Mama yangu alikuwa akinipa kibuyu cha mursik, yale maziwa yetu ya mgando, nimpelekee, na alikunywa yote, akarudisha kibuyu kimeoshwa na ndani yake ameweka sukari. Kwa miaka yote hiyo, kwamba yeye ni wa kule na mimi ni wa hapa ni jambo tulilolitumia kwa utani tu. Alikuwa ananiambia, "Nyinyi wenye nchi, hamjui hata desimali." Nami nilikuwa namwambia atulie, siku moja nitampa ruhusa ya kukaa.

Nilikuwa nacheka nikisema hivyo. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Halafu kukawa na ule uchaguzi, na matokeo, na moshi wa nyumba zinazochomwa. Wewe kama ulikuwa Eldoret huhitaji kuelezwa, na kama hukuwa, siwezi. Siku ya pili ya moshi Mwalimu alikuja kwenye chumba changu karibu na yadi. Alikuwa amevaa lile koti la kahawia na viatu viwili visivyofanana. Familia yake ilikuwa imeshafika kwenye uwanja wa maonyesho, walikokuwa wamejazana maelfu ya watu, na yeye alikuwa ametoka huko kwa miguu kuja kwangu, akipita mahali ambapo mtu wa kwao hakupaswa kupita. Alinipa ufunguo wa duka. Alisema kwa kifupi sana.

"Bwana mwanafunzi, ndani mna vitu vya watu. Vyangu wacha. Vya watu vitoe uvilete kwako. Wewe watakuacha upite."

Nilimwambia asijali. Nilimwambia nitaenda saa hiyo hiyo, hata nikiingia na mkokoteni mara kumi. Unanijua ninavyoongea.

Sikuenda saa hiyo. Nilimsindikiza mpaka barabara kuu, nikarudi, nikapika, nikalala. Kesho yake asubuhi nikaazima mkokoteni wa yadi, nikaenda.

Hapa usigawanye.

Nilipofika, kikundi kilikuwa kimeshaanza kwenye mwisho ule mwingine wa ule mstari wa maduka. Walikuwa kama kumi na tano. Wengi niliwajua kwa sura, wawili kwa majina. Duka la kinyozi lilikuwa limevunjwa, kioo kiko chini. Mmoja wao akaniona nimesimama mbele ya duka la Mwalimu na mkokoteni mtupu, akaniuliza kwa lugha ya nyumbani kama na mimi nimekuja kubeba. Hakuniuliza kwa ukali. Hakuwa ameshika hata jiwe. Aliuliza kama mtu anayemwuliza mwenzake kama amekula. Na mimi, kabla hajaongeza neno, kabla hajanitisha, nilitoa ufunguo mfukoni nikafungua kufuli. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilifanya hivyo ili wasichome. Nimejiambia walikuwa na panga. Hawakuwa na panga. Niliogopa kuulizwa kwa nini nina ufunguo wa mtu yule, basi nikajibu swali ambalo halijaulizwa.

Walimaliza kwa dakika kumi. Niliona redio zikipita mbele yangu, kila moja na kikaratasi chake kinapeperuka kwenye uzi. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango nimeshika kufuli mkononi, kama bawabu.

Walipoondoka nikafanya jambo ambalo mpaka leo siwezi kulieleza. Nilirudisha mlango, nikafunga kufuli, nikaivuta mara mbili kuhakikisha imeshika, vile yeye alivyokuwa akifanya kila jioni. Nilifunga duka tupu. Nilipofika nyumbani ndipo nikaona ujinga wangu: mlango mzima, kufuli nzima, ufunguo ninao mimi. Nikarudi jioni ile, nikaingia ndani, na kwa sababu niliogopa kuonekana nje nikiwa na nyundo, nikagonga mabati ya nyuma nikiwa mle mle ndani mpaka yakaachia. Nikatoka, nikafunga tena.

Mwalimu alirudi baada ya miezi. Nilikuwa namtembelea kule uwanjani, nampelekea unga na maziwa, na hadithi yangu nilikuwa nimeshamwambia: walipitia nyuma, nilichelewa, nilikuta hakuna kitu. Siku aliyorudi dukani nilikuwa naye. Alichukua ufunguo kutoka kwangu, akafungua. Akaingia mpaka nyuma, akasimama mbele ya yale mabati. Misumari ilikuwa imesukumwa kutoka ndani kwenda nje. Hata mtoto wa darasa la tatu angeona, na yeye alikuwa mtu aliyejua skrubu imefunguliwa kwa kuipapasa. Akapitisha kidole kwenye msumari mmoja. Akageuka akanitazama kwa ule upole wake, akangoja.

Nilimwambia, "Walikuwa wengi, Mwalimu."

Akaendelea kungoja. Nikaanza kueleza juu ya mkokoteni.

Mwishowe akachukua kufuli, akaifuta vumbi kwa ule mkono mrefu wa koti. "Asante kwa kuitunza kufuli," akasema.

Nimeshukuriwa mara nyingi maishani kwa mambo ambayo sikufanya, na huwa nazipokea shukrani hizo bila tatizo lolote. Hiyo moja imekaa tumboni kama mfupa.

Kilichofuata ndicho kinachonishinda zaidi. Watu wakaanza kuja na nusu zao za vikaratasi. Kina mama, wazee, wengine wa kwetu hapa, wengine wa kwao, kila mmoja na nusu yake amekunja kwenye leso. Hakuna ambaye angemlaumu, nchi nzima ilikuwa imepoteza. Lakini Mwalimu alipokea kila nusu, akaitundika kwenye msumari, akasema, "Utapata." Akaanza kuokota redio mbovu kwenye majaa, ananunua maganda, anatoa spika hapa na waya pale, anatengeneza redio moja baada ya nyingine. Ilimchukua miaka. Aliniita nimsaidie kila Jumamosi na nilikwenda kila Jumamosi. Nilijifunza kuchomelea, nikajifunza kupima umeme, nikawa fundi nusu. Kila tulipomaliza redio moja alitoa kikaratasi kwenye msumari, akakiunga na nusu mpya, akanituma nimpelekee mwenyewe. Watu walinishukuru kwa machozi. Walimwambia Mwalimu amebarikiwa kuwa na mwanafunzi wa namna yangu. Yeye alijibu, "Huyu? Huyu haondoki."

Na ile kufuli aliendelea kuitumia. Kila Jumamosi niliiona mlangoni.

Sasa nije kwenye siku ya mwisho ninayotaka kuisimulia, ambayo si ya zamani. Mwalimu alikuwa ameshafunga duka, yuko nyumbani kule kule Kapsoya, mtoto wa jicho ameingia macho yote mawili, na kikohozi kimekuwa cha kutisha. Daktari alimwambia sigara iishe. Binti yake, anayeishi naye, alimpekua mifuko kila asubuhi kama askari wa gereza. Mzee wa watu akawa ananung'unika mchana kutwa, hajui ile mikono aiweke wapi. Mimi nikasikia habari za hizi sigara za umeme, vijana wanaziita vepu, ambazo unavuta mvuke badala ya moshi. Wako wanaosema zinasaidia mtu kuacha, wako wanaosema ni kuhama chumba katika nyumba ile ile. Mimi nilisikia wale wa kwanza tu, kwa sababu nilitaka kumpa kitu. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta kitu cha kumpa ambacho kingekuwa na ukubwa wa duka.

Nikanunua mjini, mpya, kwenye duka la simu. Dada wa kaunta alinieleza vizuri: kikiwa na tatizo nirudishe ndani ya siku saba, wanabadilisha hapo hapo, mradi stika ile ndogo ya chini haijabanduliwa. Nilimpigia Mwalimu simu siku hiyo hiyo, nikamsifia chombo hicho hata nikasema kinaweza kumrudishia sauti ya ujana na pengine nywele. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema anakingoja.

Hakikufanya kazi. Nilikichaji usiku kucha, asubuhi nikabonyeza, taa ikakonyeza mara tatu ikazima. Nikabonyeza tena, ikakonyeza mara tatu ikazima. Ilikuwa siku ya pili. Mke wangu akasema rudisha. Siku ya tatu akasema rudisha. Mimi nikawa nakiweka mezani, nakitazama. Kurudisha ilikuwa jambo la nusu saa. Lakini nilikuwa nimeanza kuona picha nyingine kichwani: nimekitengeneza mwenyewe, nimempelekea Mwalimu, nimemwambia hiki kilikuwa kimekufa na mimi nimekifufua kwa ufundi ulionifundisha. Aweke kidole juu yake. Aseme, bwana mwanafunzi, umefaulu. Sheria yake ya vitu vipya niliikumbuka neno kwa neno, na nikajiambia kwamba yeye mwenyewe alifungua cherehani. Nadhani nilikuwa natafuta njia ya kufungua kitu chake mara moja katika maisha na kikatoka kizima.

Siku ya tano nikabandua stika.

Ndani mlikuwa na betri ndogo na waya mmoja uliokuwa umeachia. Kazi ya dakika mbili. Nikachomelea, nikabonyeza, taa ikawaka na kukaa. Nikavuta mara moja kujaribu, mdomo ukajaa ladha ya chungwa lililopikwa. Nilishangilia peke yangu kama aliyeshinda marathon. Halafu nikasikia joto kwenye kiganja. Nilikuwa nimeipasha betri ile kwa chuma changu cha kuchomelea, na sasa ilikuwa inapata moto yenyewe bila kubonyezwa. Nikaitenganisha haraka, ikapoa, lakini ubavu wake ulikuwa umevimba kidogo. Nikafunika. Nikapaka gundi, nikairudisha stika mahali pake. Ilikaa vizuri sana. Mwenye macho mazuri asingejua.

Kwa hivyo sasa nilikuwa na njia ya tatu, na ndiyo niliyoichagua: kukirudisha dukani siku ya sita, niseme hakijafunguliwa, nipewe kingine. Nilikuwa tayari kwenye pikipiki ya kwenda mjini wakati binti ya Mwalimu aliponipigia kuniambia mzee ameuliza tangu asubuhi, nipite walau nimtulize. Nikapita.

Alikuwa ameketi dirishani, blanketi magotini. Nilimweleza kwamba kifaa kina hitilafu kidogo, nakirudisha, nitamletea kingine kesho. Akanyoosha mkono. Sikuwa na sababu ya kumnyima. Akakigeuza kwenye kile kiganja chake, kikapotea humo, kikatokea upande wa pili. Kidole gumba kikapita juu ya stika, polepole, kikarudi, kikasimama pembeni yake.

"Ni kipya?"

"Ni kipya, Mwalimu."

"Basi kosa ni la aliyekiuza," akasema. "Nisaidie koti. Twende wote. Wasipokubali, mimi nitasema mbele yao kwamba hakijafunguliwa. Mzee kama mimi watamwamini." Kisha akageuza uso mahali nilipokuwa, yale macho yenye ukungu, na kwa sauti ile ya kuuliza saa akaongeza, "Ama nani amefungua?"

Binti yake alikuwa jikoni, sufuria zinagongana. Nilifungua mdomo na nikasikia lile jibu la zamani liko tayari kabisa, limesimama kwenye ulimi limevaa viatu. Yeye akangoja. Akasukuma kikombe chake cha chai upande wangu.

"Ni mimi," nikasema. "Nimefungua mimi. Na duka pia. Hawakuvunja. Hawakunitisha. Nilifungua na ufunguo wako, nikafunga tena, na mabati niligonga mimi."

Nilitaka kuendelea kueleza. Akainua kidole.

"Ya duka nilijua siku ile," akasema. "Kwani ulidhani nilikuwa nakuita kila Jumamosi kwa sababu ya ufundi wako? Wewe hata leo umeunguza betri, naisikia imevimba. Nilikuwa nakupa nafasi. Miaka yote hiyo, bwana mwanafunzi. Ungekuwa redio ningeshakurudisha kwa mwenyewe."

Hakusema amenisamehe. Mimi sikumwuliza. Alinituma nje na kile kifaa, nikiweke kwenye kopo la mchanga mbali na ukuta, kwa sababu betri ya namna ile ikishaumizwa haiaminiki. Niliporudi alikuwa ametoa chini ya kiti bati la biskuti, na ndani yake kulikuwa na karatasi, uzi, wembe, na ile kufuli.

"Macho yangu hayaandiki," akasema. "Andika wewe."

Nikaandika. Jina, langu. Kitu, sigara ya umeme. Ugonjwa, akaniambia niseme mwenyewe, na nikaandika: "Nilidhani nitaweza." Akaniambia nichukue karatasi nyingine. Jina, akasema liwe langu tena. Kitu, kufuli. Mkono wangu ukasimama kwenye mstari wa tatu, nikamwuliza kwenye ugonjwa niandike nini.

"Andika ilivyo," akasema. "Haina."

Akaipapasa karatasi kama anayesoma, akaifunga kwenye kufuli kwa uzi kwa ile mikono yake, fundo moja, dogo, la kudumu, akanipa niende nayo. Nusu nyingine aliiweka kwenye bati, akafunga kifuniko.

Iko nyumbani kwangu, kwenye msumari karibu na mlango. Wageni huuliza kwa nini kufuli nzima imetundikwa na kikaratasi cha fundi, inangoja kutengenezwa nini. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kujibu swali moja kwa hadithi tatu. Kwa hilo huwaacha wasome wenyewe.